Historia ya Mama Kipaza, Sauti ya Uwanja Wetu

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani, watu wa kriketi na watu wa mpira mliokuja hapa mkiwa mmechanganyika kama mlivyozoea kuchanganyika jukwaani, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kipaza. Naomba mniwie radhi sauti ikinikatika, kwa kuwa Jumamosi asubuhi nilizungumza naye kwa simu, akanigombeza kwamba sijafika kumsalimu tangu mwezi uliopita, nikamwahidi kwamba Jumapili nitakuja, na Jumapili nikaja kweli, nikakuta viti vimepangwa nje na waombolezaji wamevikalia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya ukuta wa uwanja, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu alikuwa mtunza uwanja, mama yetu alifua na kupiga pasi nguo nyeupe za wachezaji, na wakati huo uwanja ulikuwa wa kriketi peke yake, mali ya klabu ya makarani wa reli, una nyasi zilizokatwa zikawa kama zulia, na katikati yake ukanda wa udongo mgumu tuliouita pichi, ambao baba aliusawazisha kwa pipa zito la chuma akilivuta mwenyewe kama ng'ombe wa kulima. Sisi watoto tuliruhusiwa kupita pembeni tu, na kukanyaga pichi lilikuwa kosa ambalo baba alilihukumu papo hapo, hakimu yeye, askari yeye, na rufaa hakuna.

Mwaka 1964, mwaka ule ule dada alioanza shule ya msingi, klabu ikawa imepungukiwa na wanachama, halmashauri ikauchukua uwanja, na timu za mpira zilizokuwa zikicheza kwenye vumbi nje ya ukuta zikaingia ndani. Watu wa kriketi walilalamika kwamba njumu zitachimba pichi, watu wa mpira wakajibu kwamba hawawezi kuendelea kula vumbi huku nyasi nzuri zimekaliwa na watu wanaosimamisha mchezo ili wanywe chai, ugomvi ukapelekwa kikaoni, na mwisho wakapatana kwamba miezi ya kiangazi iwe ya kriketi, miezi iliyobaki iwe ya mpira, na pichi ifunikwe kwa mkeka mzito kila kriketi inapomaliza zamu yake. Jukwaa lilikuwa moja tu, la mbao, upande wa mashariki, na kwa sababu kriketi ilileta watu mia mbili lakini mpira ulileta mji mzima, jukwaa hilo likaongezwa ngazi juu ya ngazi, mbao mpya juu ya mbao kuukuu, na hakuna aliyeinama kutazama kilichozibeba.

Dada alimaliza shule ya msingi mwaka 1970 na sekondari mwaka 1974, na hesabu hakuzijulia darasani, alizijulia kwenye ubao wa matokeo, ambako baba alimpandisha abadilishe namba wakati wa kriketi. Kuhusu sauti yake sina haja ya kuwaeleza, ila nitasema kwamba mwalimu mkuu aliwahi kumwita mama yetu shuleni akamwambia, "Mama, mtoto wako akinong'ona, darasa la jirani linaandika."

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya uwanja, na huko angebaki na mashine yake kama si fainali ya mwaka 1979, ambapo mtangazaji aliamka hana sauti kabisa, meneja akazunguka ofisini akitafuta mwanamume yeyote wa kushika kipaza sauti, asimpate, akamsukuma dada kwenye kibanda cha mtangazaji kilicho juu ya ofisi, kinachotazamana na jukwaa. Aliposema neno la kwanza watu walizomea, na mmoja wa jukwaa la mashariki akapaaza sauti, "Mwanamke atajua nini habari za kuotea?" Dada alisubiri mpaka mshika kibendera alipomwinulia mshambuliaji wa wageni kibendera cha kuotea, ndipo akasema, "Namba tisa ameotea, na yule bwana wa jukwaa la mashariki aliyesimama juu ya kiti naye ameotea, arudi nyuma akae." Uwanja mzima ulicheka, bwana yule alikaa, na kuanzia siku hiyo jina la Mama Kipaza likamganda kabla hata hajawa mama wa mtu.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu mnayemwona, fundi wa umeme aliyekuja kutengeneza spika za uwanja, akaja tena, akaja tena, mpaka baba akamuuliza kama spika zetu zina ugonjwa usiopona, naye akajibu, "Mzee, spika ni nzima, mgonjwa ni mimi." Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, wote wako mbele yenu, na wajukuu watano. Shemeji ametusimulia habari za Jumamosi mara moja tu, nasi hatumlazimishi kurudia, anayetaka kumpa pole amshike mkono tu.

Sasa nafika mahali ambapo wengine katika familia walitaka nipite haraka, lakini kuna watu humu wanaopumua leo kwa sababu ya siku hiyo, kwa hiyo nitaisoma.

Tarehe 8 Septemba 1991 ilikuwa Jumapili, mechi ya kombe, na jukwaa la mashariki lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye miguu ya wenzao. Wakati wa mapumziko shemeji alikuwa chini ya jukwaa akifuatilia waya uliokatika, akasikia mlio, akamulika tochi, akaona nguzo kuu imepasuka, unga wa mchwa unamwagika kama mchanga, akapanda kwenye kibanda akamwambia mkewe sikioni. Dada alijua kwamba akitamka neno "linaanguka", watu watauana kwenye ngazi kabla ya mbao kuwaua. Akashika kipaza sauti, akasema kama mtu anayetangaza harusi, "Waungwana wa jukwaa la mashariki, leo mna bahati, wachezaji wanaomba mteremke uwanjani muwapungie mkono kwa karibu, tunaanza na mstari wa mbele, taratibu, akina mama wenye watoto watangulie, na anayekimbia tutamrudisha juu."

Wakaanza kuteremka, wakicheka. Aliwaita wale aliowajua kwa majina yao ya utani, "Fundi Viatu, mshike mkono mzee aliye kushotoni kwako. Bwana Mwavuli, hakuna mvua leo, funga huo mwavuli ushuke." Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Kipaza, na pichi chini ya mkeka je, si tutaikanyaga?" Naye akajibu mbele ya uwanja mzima, "Leo pichi ni yenu, ikanyageni."

Mimi nilikuwa nimesimama na baba langoni. Alikuwa mzee tayari, amestaafu, lakini alikuwa bado anakuja. Aliposikia maneno hayo aligeuka akanitazama, uso umebadilika, akasema, "Dada yako hawezi kusema hivyo bure." Akanikabidhi kofia yake, akaenda kwenye ngazi za jukwaa, watu wanashuka yeye anapanda, akafika ngazi za juu kabisa, ambako walikuwa wamebaki wazee na watu wengine wasiotaka kupoteza nafasi zao, akaanza kuwainua mmoja mmoja kwa kwapa na kuwaelekeza chini.

Jukwaa lilikuwa karibu tupu. Kutoka kibandani dada alimwona. Tulisikia spika zikikwaruza, kisha tukasikia, "Baba, shuka." Baba aliinua mkono kama kumwambia subiri, akamgeukia mama mmoja mzito aliyekuwa anaogopa ngazi. Dada akasema tena, kwa upole ule ule, "Baba, nakuomba, shuka." Halafu upande wote wa juu ukaenda, si kwa mshindo niliodhani ungekuwapo, bali kama mtu anayeketi kwa uchovu, na vumbi likafunika kila kitu.

Watu sita walifariki siku ile, baba yetu akiwa mmoja wao, na maelfu walikuwa wamesimama kwenye nyasi wakitazama, baadhi yao wakiwa juu ya pichi, bado hawajaelewa kwamba walikuwa wameokolewa. Wakaanza kusukumana kuelekea milangoni, na sauti ikarudi, "Bakini mlipo, msikimbilie milango, wapisheni wenye machela, bakini mlipo." Ilisema hivyo, ikarudia na kurudia, mpaka gari la mwisho la wagonjwa likatoka, na haikutetemeka hata mara moja. Shemeji ndiye aliyetuambia baadaye kwamba muda wote huo ni yeye aliyekuwa ameshika kile kipaza sauti mbele ya mdomo wa mkewe, kwa sababu mikono ya dada ilikuwa imekufa ganzi, haishiki kitu.

Tulimaliza matanga nyumbani. Siku hiyo alimfuata mama jikoni, mimi nikiwepo. Aliuliza, "Mama, alinisikia kweli?" Mama akamjibu, "Alikusikia, mwanangu, mji mzima ulikusikia." Dada akauliza, "Sasa mbona hakushuka?" Mama akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kulikuwa bado na watu." Hawakulizungumza tena, nami nilidhani dada hatarudi kwenye kile kibanda maisha yake yote.

Uwanja ulifungwa, jukwaa likabomolewa, likajengwa jingine la zege, na ulipokaribia kufunguliwa mwaka 1995 wakubwa walikuja nyumbani kumwomba arudi, akawaambia atajibu akishaona chini. Akaenda na shemeji na tochi, akatambaa chini ya jukwaa jipya akiwa amevaa nguo zake za kazini, akagonga kila nguzo kwa nyundo na kusikiliza, akatoka na magoti yenye vumbi, akasema, "Sawa." Kuanzia siku hiyo, iwe ni mpira au kriketi, hakuanzisha mchezo kabla hajawaambia watu, "Tazama mlango ulio karibu nawe, umtazame na jirani yako." Mwanzo walimcheka, baadaye wakazoea, na mwishowe watu walikuwa wanayasema maneno hayo pamoja naye, uwanja mzima, kama salamu.

Alistaafu mwaka 2017. Kriketi, ambayo kwa miaka mingi ilibaki na wachezaji wa kuhesabika na mbwa mmoja aliyefukuza mipira, ilikuwa imefufuliwa na shule za wasichana, na mjukuu wake wa pili akawa mpigaji hodari, jambo lililompa dada kisingizio cha kwenda uwanjani kila wiki na kuwafundisha kazi waamuzi ambao hawakumwomba.

Kuhusu ugonjwa sina la kusoma. Alikuwa na presha kidogo, anameza dawa zake, anapanda ngazi kutuzidi sisi wadogo. Jumamosi tarehe 15 Juni 2024 aliamka, akanipigia simu hiyo niliyowaambia, akapika, akaenda na shemeji kumtazama mjukuu akicheza. Walikaa jukwaa la mashariki, ngazi ya tatu. Akasema jua kali, akaomba maji. Shemeji alikwenda kununua, akarudi, akamkuta ameegemeza kichwa kwenye nguzo, amefumba macho, akadhani amesinzia, kwa kuwa kriketi husinzisha hata waipendao, akaketi kando yake na ile chupa mkononi, akaendelea kutazama mchezo ili amsimulie akiamka. Wakakaa hivyo. Kisha mjukuu akaupiga mpira ukavuka ukuta, watu wote wakasimama kushangilia, shemeji naye akasimama, akageuka, na Mama Kipaza alikuwa kimya. Hapo ndipo alipojua.

Ndugu zangu, tunasema kifo hakipigi hodi, na tunasema hivyo kwenye misiba ya watu wengine tukitikisa vichwa. Mimi bado nakaa nikisubiri simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea na kujaribu ingawa walijua, majirani waliolala hapa nje bila kuitwa, wafanyakazi wa uwanja, wa zamani na wa sasa, waliosimamisha mechi zote wiki hii, timu zote mbili za mpira ambazo hazijawahi kukaa safu moja bila matusi na leo zimekaa, na wasichana wa kriketi, ambao walimbeba wao wenyewe kutoka jukwaani wakiwa na nguo zao nyeupe, hawakukubali mtu mwingine amguse. Mchezo wao haukumalizika. Mjukuu aliniuliza jana, "Babu, sasa tunafanyaje?" mama yake akamjibu kwamba Jumamosi ijayo wataumalizia pale ulipoishia, na kila mwenye nafasi aje.

Dada, tumesoma mpaka mwisho, na karatasi hii sijui niiweke wapi. Umefika, basi, kaa. Amani ikupokee, nawe upumzike.