Maboksi ya Darini

Mshonaji hakupanda basi ili asikilize ya watu, ila masikio hayana mlango. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa akimweleza fundi umeme aliyekutana naye papo hapo kwamba panya wamemtafunia waya za darini, na juzi zilitoa cheche.

"Nipitishie waya ndani ya mabomba, mwanangu, uzibe na matundu."

"Nitaziba kwa wavu wa chuma na saruji," fundi alijibu. "Lakini huko darini kuna nini, mama? Panya hakai pasipo na malazi."

"Maboksi tu. Nguo za kijana wangu. Alikwenda mbali kutafuta maisha. Akipiga simu husema yuko njiani."

Mshonaji aliwaza kwamba njia hiyo lazima ina kona nyingi.

"Basi yashushe, mama. Tukiziba na maboksi yamo, tunawafungia panya ndani. Nyumba itaungua."

"Nikiyashusha nitaona nguo hazimtoshi tena," mama alisema taratibu. "Aliondoka mwembamba kama ufito. Hata nikisikia mchakacho huko juu, huwa najisahau namwita."

Fundi, aliyekuwa akiongea kama redio tangu stendi, aliinama kufunga mkoba wake wa vifaa. Mshonaji naye alitazama dirishani. Basi likasimama.

"Nije kesho?" fundi aliuliza, mguu mmoja mlangoni.

"Njoo," mama alisema. Fundi alipokwisha kukanyaga chini, mama akamwita kupitia dirishani: "Lakini ngoja kwanza nimpigie, nimuulize anakuja lini!"