Pumzi Katika Chupa ya Pili

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, nje ya chumba cha kinyozi, na kila mtu ana pake pa kukalia. Mwishoni hukaa Chupa. Jina hilo alilipata kwa sababu kila Jumanne, kwa miaka kumi na tisa, hupanda kilima nyuma ya mji na chupa mbili za kioo, huzijaza hewa, kisha huzipeleka posta ziende maabara ya ng'ambo kupimwa gesi zinazoipasha dunia joto. Jumatatu hiyo kahawa ilikuwa imempolea mkononi. Mfukoni alikuwa na barua, na moyoni alikwisha kuamua: kesho hapandi, wala Jumanne nyingine yoyote.

— Itoe hiyo barua, alisema Redio, kinyozi asiyenyamaza hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Tangu asubuhi unaipapasa kama jino bovu.

— Wameikataa chupa moja.

— Nilijua! Wameonja hewa yetu wakaiona tamu. Sasa wataiuza.

— Hewa haiuzwi, Redio, alisema Fundi Saa kutoka katikati ya benchi.

— Hata maji yalikuwa hayauzwi. Nenda dukani ukaone.

— Mimi nahisi wanatuhesabu kwa pumzi. Anayekoroma atalipa mara mbili, alisema Fundi Saa.

— Basi wewe umekwisha, maana mkeo analalamika mpaka kwangu!

Chupa alicheka kidogo, cheko la kuwaridhisha wenzake.

— Imeingia pumzi ya mtu, alisema. Unatakiwa usimame uso kwenye upepo, uvute pumzi, uizuie, ndipo ufungue chupa. Ukipumua karibu, umeharibu.

— Na wao wamejuaje? aliuliza Redio. Wako huko, wewe uko hapa.

— Kwanza chupa zangu mbili zilipishana zenyewe kwa zenyewe. Halafu wanazo za watu wengine. Za visiwani, za jangwani, za kwenye barafu. Wamezilinganisha zote.

— Kama saa, alisema Fundi Saa polepole. Ukiwa nayo moja utaapa iko sawa. Ziweke kumi mezani, ndipo utaijua inayopotea.

— Ndivyo. Moshi hauonyeshi pasi mpakani. Wa kwao unatufikia, wa kwetu unawafikia. Kila nchi ikipima kivyake, tutabaki kubishana kama nyinyi wawili.

— Kwa hiyo wamekufukuza? aliuliza Redio.

Chupa aliikunjua barua. Iliandikwa na mama mmoja wa maabara ambaye Chupa hajawahi kuonana naye.

— "Chupa ya kwanza ni safi. Ya pili ina pumzi. Kwa miaka kumi na tisa haijatokea. Upande wenu wote tunakutegemea wewe tu. Ndugu yetu, u mzima?"

Hewa hiyo ilichukuliwa Jumanne ya kwanza baada ya mazishi ya mke wa Chupa, na wote walilijua hilo.

— Shemeji alikuwa akipanda na wewe, alisema Redio kwa sauti ambayo wateja wake hawaijui.

— Kila wiki. Kazi yake kushika kifuniko. Siku hiyo chupa ya kwanza niliimudu mwenyewe. Ya pili nikazuia pumzi vizuri tu, kwa mazoea nikageuka nimpe. Nikaona mkono wangu uko hewani, hakuna wa kupokea. Ndipo pumzi ikanitoka, alisema akiikunja barua. Nitawaandikia watafute mtu mwingine.

Fundi cherehani, aliyehamia chumba cha jirani wiki hiyo, alikuwa amesimama akisubiri kikombe chake cha kahawa.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Kwani kesho hakuna wa kukishika hicho kifuniko?

Fundi Saa aliitazama saa yake, ambayo haijatembea tangu mwaka juzi. Miaka kumi na tisa wamekaa benchi moja na Chupa, na hakuna aliyewahi kukikanyaga kile kilima.

— Tunaondoka saa ngapi? aliuliza Redio mwishowe.

— Saa kumi na mbili asubuhi. Lakini chupa ikiwa wazi hakuna kupumua, wala kusema neno.

— Hata nikiona nyoka?

— Hata nyoka.

Redio alifikiri sana.

— Nitajifunga leso mdomoni.

Chupa aliinywa kahawa yake baridi mpaka chini. Kisha akaigeuza barua upande usioandikwa, akanyoosha mkono kwa Fundi Saa.

— Nipe kalamu, ndugu yangu. Ameniuliza kama mimi ni mzima.