Mama Glavu na Samaki wa Maji Moto

Ndugu, jamaa na marafiki, poleni sana, na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, tulizaliwa wawili tu, na nimepewa kazi hii kwa kuwa familia inasema mimi ndiye mwenye sauti, ingawa leo nayo imenikauka.

Dada yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na sekondari ya bweni mwaka 1975, na kote alisifika kwa ubishi, maana mwalimu akisema jambo yeye alitaka kujua limejulikanaje, mpaka mmoja akaomba kuhamishiwa darasa jingine, mwalimu huyo, si mwanafunzi.

Alimaliza chuo kikuu mwaka 1985, akapata shahada ya uzamivu ng'ambo, na mwaka 1990 akaajiriwa kuwa mtafiti katika taasisi ya samaki. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, dereva wa lori, mtu mpole ambaye kwa miaka mingi alifungua friza kutafuta barafu akakutana na samaki wasioliwa, na Mungu akawajalia binti mmoja.

Kazi yake, kwa sisi tusiojua, ilikuwa kuchukua samaki wadogo wa aina moja, wengine wa mtoni kwenye maji baridi, wengine wa bwawa la chemchemi ya maji moto, kusoma vinasaba vyao na kuvilinganisha, ili ajue hawa wa bwawani waliwezaje kuishi kwenye joto lile, kwa sababu mto nao unazidi kupata joto mwaka hadi mwaka, na alitaka kujua kama wale wa mtoni watapona.

Mwaka 2010 alitangaza kwamba samaki wa maji moto wana kinasaba ambacho wenzao hawana kabisa, akasifiwa, na cheo cha ukurugenzi kikaanza kumnukia. Lakini ubishi ni ubishi, hata na nafsi yake, akakilinganisha kinasaba kile na cha viumbe wengine, akakuta ni cha binadamu, akatema mate kichupani akajipima, na lahaula, kilikuwa chake mwenyewe, kiliingia kwenye vipimo kutoka mikononi mwake siku aliyompasua samaki bila glavu. Hakuna mwingine aliyegundua, na wapo waliomshauri apige kimya, ila aliandika kwenye jarida lile lile kwamba amekosea, na cheo akapewa mwingine. Alilia jikoni kwangu hadi chai ikapoa, kisha akanawa uso, akaapa kwamba hafi kabla hajaujua ukweli wa samaki wale.

Akaanza upya, na kuanzia hapo hakuna aliyekanyaga maabara bila glavu, hata shemeji alivalishwa nyumbani akimenya vitunguu, ndipo wenzake wakamwita Mama Glavu, jina alilolipenda kuliko udaktari wake.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, akakonda tukimwona. Mwezi Mei wenzake walimletea majibu wodini, kwamba kinasaba cha kuhimili joto si kipya, samaki wachache wa mtoni wanacho tayari tangu zamani na wanaweza kukirithisha, kwa hiyo huenda wakapona. Swali lake la kwanza lilikuwa kama walivaa glavu, na walipoapa kwamba walivaa, alicheka, akamshika binti yake mkono, akasema basi sasa yuko tayari. Alitutoka alfajiri ya tarehe 3 Juni, na mimi, jamani, sikuwa tayari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi walituuliza wakifanyie nini kile kichupa chake cha mate cha mwaka 2010, alichokihifadhi kwenye friza ya maabara na kukiandika kwa mkono wake maneno mawili, “Kosa langu”. Binti yake aliomba kisitupwe, kwa kuwa humo ndani mama yake yumo, nao wamekubali kukitunza.

Pumzika sasa, dada yangu mbishi, umeshajua.