Mke Aliyewaonea Wivu Panya

Jana jioni, kwenye basi linalotoka chuo cha tiba za asili hapa Chengdu, mtu na mkewe walikaa mbele yangu. Mume, Geng Shaoping, alikuwa bado na kitambulisho cha maabara shingoni. Jina nililisoma hapo. Mke alikuwa amemfuata kazini kwa mara ya kwanza, na alichokiona kilimchoma moyo.

“Yaani unaipasha moto dawa ya mizizi, unaipima joto mkononi, ndipo unamnywesha panya? Tena unambembeleza! Mimi umenishika hivyo lini, Baba Wenrui?”

“Kamati ya maadili ndiyo inayotaka. Mnyama akiteswa bure, utafiti unasimamishwa.”

“Na akichechemea?”

“Anapewa dawa ya maumivu palepale.”

“Basi na mimi niundie kamati yangu!”

Abiria tukajifanya tunasoma simu.

“Goti linaniuma tangu mwaka mpya,” mke akaendelea. “Hujaniuliza hata siku moja.”

“Panya hawezi kusema, mama. Wewe una mdomo.”

“Nimesema mara ngapi?”

Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, mpaka nikamwona yule mama akifuta machozi kwa ncha ya skafu.

Basi likasimama kituoni kwao. Mke akainuka kwa kushikilia kiti, akatangulia mlangoni akichechemea. Geng akamtazama miguuni.

“Goti lipi?” akauliza kwa sauti ya chini.

“Si wewe mtaalamu? Tazama mwenyewe,” akajibu mkewe, akashuka bila kumngoja.