Daktari wa “Basi, Acha”

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wenzangu wa kliniki. Familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, nisome maisha yake. Mama amenisihi nisome kwa adabu na nisigombe na mtu. Nitajaribu, Mama, ila siahidi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa karani wa tiketi, Mama mshonaji. Tangu utotoni alikuwa mpole kupita kiasi. Mama alipogawa kazi, mimi sufuria, wadogo zangu kufagia, yeye alisimama mlangoni akitutazama tunavyoboronga. Hasemi neno. Baada ya muda anakuja kuninyang’anya sufuria taratibu: “Basi, acha, nitafanya mwenyewe.” Mimi huyo, nje kucheza! Nani angekataa? Niliolewa sijui hata kuondoa ukoko, na mama mkwe wangu yupo hapa, muulizeni.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na stesheni kuanzia 1975 hadi 1981, akaenda sekondari ya bweni, kisha akajiunga na chuo kikuu mwaka 1990 kusomea udaktari wa meno. Alihitimu mwaka 1995. Inasemekana kwenye kazi za vikundi wanafunzi wenzake walimgombania, na sote tunajua kwa nini. Kikundi kizima kilifaulu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekonda.

Alitumikia hospitali ya serikali tangu 1996. Tarehe 2 Februari 2010 alifungua kliniki yake ghorofani, juu ya duka la rangi, vyumba viwili na ukumbi wa kusubiria. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Watoto walioingia wakipiga mayowe walitoka wakimpungia. Kwa wagonjwa, hakuwa na mpinzani. Kwa kuongoza wafanyakazi, Mungu anisamehe, alikuwa balaa.

Mimi nilikaa mapokezi miaka yote hiyo, kwa hiyo sisimuliwi, nimeona. Fundi wa meno bandia akichelewa, Daktari anachonga mwenyewe. Sinia za vifaa zikibaki na madoa, anavua koti jeupe, anakunja mikono, anaosha koleo na vioo upya, kimoja kimoja, kisha anaviingiza kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Hamkemei mtu, hamwelekezi mtu. Niliposema watu wanahitaji kutiwa moyo, alinunua fremu nzuri ya “Mfanyakazi Bora wa Mwezi” akaitundika ukumbini. Mnajua aliweka picha ya nani? Yetu sote! Tumejipanga kwenye ngazi, mpaka mlinzi ambaye alishaacha kazi. “Nisimuumize mtu,” akasema. Picha hiyo haijabadilishwa mpaka leo.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998 na wifi yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Ilikuwa ndoa yenye amani. Hata hivyo wifi aliwahi kuniambia jikoni, huku ameshika kitambaa cha vyombo, “Natamani siku moja anifokee, nijue nimekosea wapi. Nikitandika kitanda, anakuja anakitandika tena, kimya kimya.”

Mwanzoni mwa mwaka 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alikatazwa kujichosha, na aliambiwa mgonjwa wa mwisho akitoka, na yeye atoke. Aliitikia ndiyo, ndiyo, halafu akarudi kwenye sinki. Nikamwambia, “Kaka, waambie watu unachotaka.”

“Nitawavunja moyo.”

“Na wa kwako je?”

Akacheka. Mimi sikucheka, na sasa ndiyo kabisa.

Nilimkaba mpaka akakubali kuitisha kikao, Ijumaa ya tarehe 13 Juni mwaka huu. Tulikubaliana aseme mambo matatu tu. Saa mbili kasoro robo kila mtu awe ndani. Sinia zioshwe na ziingie kwenye mashine kabla ya mtu kwenda nyumbani. Na simu isipokelewe mgonjwa akiwa ameachama kinywa. Akasimama chini ya ile fremu, akakohoa, akatutazama mmoja mmoja. “Jamani,” akasema, “mnafanya kazi nzuri sana. Basi… nani anataka keki?” Nilitaka kuzimia. Keki aliinunua mwenyewe, na sahani akaziosha mwenyewe.

Kwa hasira nilimbana nesi wetu koridoni. Nikamuuliza haoni aibu, mzee mzima mgonjwa anamwoshea vyombo? Akanijibu huku machozi yanamlenga: “Dada, nikiosha anaosha tena. Miaka tisa! Najua Daktari ananiona sifai. Sasa nijihangaishe kwa nini?”

Nikaenda chumbani kwa kaka nikamwambia kila kitu. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, taa imezimwa, kama mtu aliyepigwa. “Sifai? Yule? Mbona ndiye nesi bora niliyewahi kufanya naye kazi! Mikono yake naiamini kuliko yangu.”

“Umewahi kumwambia?”

Akaanza kufuta mkono wa kiti kwa kitambaa.

“Mwambie.”

“Nitamwambia Jumatatu,” akasema.

Hakuifikia Jumatatu. Jumamosi tarehe 14 Juni, mwana wa nesi alikuwa na homa. Kaka akamwambia, “Basi, acha, nenda kwa mwanao, nitafanya mwenyewe.” Mimi nilikuwa mapokezi nikisikia maji ya sinki yakitiririka. Yakaendelea kutiririka, lakini vyombo havigongani tena. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, glavu mkononi. Tulimkimbiza hospitali. Alifariki jioni hiyo, saa kumi na moja.

Sasa, Mama, hapa ndipo adabu inanishinda. Nesi wetu, inua uso. Tangu Jumamosi unamwambia kila mtu kwamba ungebaki asingekufa. Koma kabisa! Hukumuua. Alikuruhusu, ukaenda kwa mwanao, ndivyo mzazi anavyofanya. Na yale ya Jumatatu nakuambia mimi, mbele ya watu wote hawa: alikuamini kuliko alivyojiamini. Ninamkasirikia mpaka kifua kinauma, kwa sababu sentensi hii ilikuwa yake kuisema, na alikuwa na miaka tisa ya kuisema.

Kliniki itafunguliwa Jumatatu tarehe 23. Daktari aliyefanya naye kazi hospitali ya serikali amekubali kushika kiti. Saa mbili kasoro robo, kila mtu ndani. Fundi, nakutazama wewe. Atakayekosea ataambiwa, na atakayefanya vizuri ataambiwa pia. Fremu nitaishusha mwenyewe.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, wadogo watatu, na wagonjwa wengi wanaotabasamu kwa meno aliyowatengenezea.

Jana nilimpa nesi ufunguo wa kliniki. Nilimwambia kwa maneno yanayoeleweka: vifaa vya Jumamosi bado viko kwenye sinki, naomba uvioshe, uviingize kwenye mashine, ufunge mlango. Leo asubuhi amenirudishia ufunguo. “Tayari, dada,” akasema. Miguu iliniwasha kupanda zile ngazi nikatazame. Sikwenda.

Na wewe, kaka, usiende. Vyombo vimeoshwa. Pumzika.