Sista Pumua na Kipa Aliyefungiwa Ndani

Tarehe 30 Juni, Sista Pumua atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwauguza watoto wenye pumu katika kliniki yetu. Jina hilo halimo kwenye vyeti vyake. Alipewa na watoto, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni: "Pumua, mwanangu. Usinionee huruma, pumua!"

Alianzia wodi ya watoto, kisha akahamishiwa chumba cha pumu, kile chenye dirisha linalogoma kufunguka. Humo alifundisha matumizi ya pampu ya kuvutia dawa akitumia mwanasesere mwenye mkono mmoja, ambaye bila shaka ameugua pumu mara nyingi kuliko kiumbe yeyote duniani. Pia aliimba. Tuseme ukweli, anaimba vibaya sana, lakini watoto waliogoma kupuliza kipima pumzi walicheka mpaka wakasahau kugoma.

Lakini huwezi kumweleza Sista bila kumtaja Kipa.

Kipa alikuwa msichana wa miaka tisa aliyelelewa na bibi yake. Alipata jina hilo kwa kudaka soksi zilizoviringishwa, tena chumbani, maana nje alikuwa hatoki. Bibi aliogopa vumbi, upepo, hata maua, na madirisha alikuwa ameyaziba kwa mablanketi. Kipa naye alitaka kitu kimoja tu: kusimama golini kwenye uwanja wa shule yao.

Daktari alipompima damu, alikuta vitamini D iko chini mno. Watoto wengi wenye pumu hukutwa hivyo, alisema, ingawa bado haijulikani vizuri kipi kinasababisha kipi. Huenda upungufu huo huzidisha pumu. Huenda pia mtoto anayefichwa ndani kwa sababu ya pumu hukosa jua, ambalo ndilo huusaidia mwili kuitengeneza vitamini hiyo. Aliagiza Kipa apewe matone ya vitamini na aendelee na pampu yake kama kawaida.

Kazi ya kumweleza bibi ikamwangukia Sista, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitamani kuyaona yale mablanketi yakishushwa. Akalisifia jua kama mtu anayeliuza. Bibi akaelewa, tena akaelewa kupita kiasi. Alifungua madirisha yote, akawa anamwanika Kipa uani kila asubuhi kama nguo mbichi, na pampu akaifungia kabatini.

Haukupita muda, Kipa akaletwa akiwa amebebwa mgongoni na jirani, mbavu zikiingia ndani, maneno yakimtoka moja moja. Sista alimpa dawa na kukaa naye mpaka midomo ikarudi rangi yake. Bibi alifoka, "Si wewe uliyesema jua ndiyo dawa?" Sista hakujitetea. Mbele ya foleni nzima alijibu, "Nimesema jua, jua, jua, na pampu sikuitaja kabisa. Kosa ni langu, mama. Nisamehe."

Siku hiyo ndipo ulipozaliwa mchezo wa Jirani Mjuaji, wa kuwazoeza wazazi kuitetea pampu. Mpaka leo, kabla mzazi hajaondoka, Sista hujifunga kitambaa kichwani, hushika kiuno na kuanza umbea: "Mwenzangu, bado unampa mtoto hayo madude? Atayazoea! Mwanike juani, atapona." Mzazi haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka jirani huyo akose la kusema. Wa kwanza kabisa kumshinda alikuwa bibi yake Kipa: "Jua lina kazi yake, na pampu ina kazi yake. Wewe kazi yako ni ipi, mbona hutoki kwangu tangu asubuhi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mmoja aliwahi kujibu kwa ukali hadi mlinzi akaja mbio kuamua ugomvi. Daktari mkuu anasema watoto wanaoletwa hoi kwa kuachishwa pampu wamepungua sana.

Mwezi uliopita, Kipa alipangwa golini kwa mara ya kwanza. Sista alibadilishana zamu ili asikose. Alisimama pembeni ya uwanja na bibi, na hakuna hata mmoja wao aliyeutazama mpira. Walikuwa wakikitazama kifua cha mtoto. Kipa alifungwa magoli manne. Filimbi ya mwisho ilipolia, alitoka golini akiwafokea mabeki wake kwa sentensi moja ndefu, bila kutua popote kuvuta pumzi. Bibi na Sista walikumbatiana wakarukaruka, mpaka wageni wakadhani timu ya Kipa ndiyo iliyoshinda.

Asante, Sista, kwa kila kifua ulichokitegea sikio. Nenda ukalale mpaka uchoke kulala, wajukuu wakusumbue kwa raha, na siku zako zote ziwe za afya na vicheko.