Mwanamke Mwenye Birika

Benchi letu ni moja, refu, mguu mmoja umeegemezwa kwa tofali, na linatazamana na jumba la sanaa ambalo limefungwa tangu mwaka jana kwa sababu paa lilikuwa linavujia picha. Mimi fundi viatu nakaa mwisho, na kiboksi changu cha misumari. Katikati anakaa Redio, kinyozi, ambaye hajapata kuzimwa. Upande wa pili kuna Gia, dereva wa lori mstaafu, na Dobi, ambaye ukuta wa duka lake ndio ulioleta maneno asubuhi hiyo. Watu wa jumba walikuja na ngazi wakatundika hapo picha kubwa. Si yenyewe, nakala. Kahawa siku hizi tunapika wenyewe kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Gia, na kahawa ya Gia hainyweki, ila tunakunywa hivyo hivyo.

REDIO: Mnaona? Picha zenyewe wameshauza. Sasa wanatubandikia makaratasi ili tusiulize.

DOBI: Acha hizo. Waliniomba ukuta kwa adabu. Wanasema mlango umefungwa lakini wao hawajahama, kwa hiyo picha zitatoka nje zije kutusalimia.

GIA: Paa gani linaezekwa mwaka na nusu? Nimebeba mabati miaka thelathini mimi. Pale chini wanachimba.

REDIO: Wanachimba nini?

GIA: Ningejua ningekuwa nimekaa hapa na wewe?

REDIO: Handaki! Linatokea benki!

GIA: Benki iko ng'ambo ya mto.

REDIO: Ndiyo maana wanachelewa.

Tulicheka sana, kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, maana hakuna aliyetaka kuitazama ile picha sawasawa. Aliyechorwa ni Mama Kahawa. Kashika birika, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja, anamimina huku macho yako kwa mtu ambaye hayumo pichani. Alitumiminia kwenye benchi hili miaka ishirini na miwili. Mchoraji alikuja enzi hizo, akashinda hapa siku tatu, akaondoka na sura yake. Yeye mwenyewe aliingia jumbani kujiona mara moja tu, akarudi analalamika kwamba wamemnenepesha.

Miezi minane iliyopita aliugua. Ndugu zake wakaja na gari, wakamchukua kwao. Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe kutoka simu yake: "Mgonjwa wenu ametutoka." Tukasema tutakwenda msibani. Hatukwenda. Leo usafiri, kesho mvua, mpaka aibu yenyewe ikatuzuia.

Basi tuko kwenye handaki la Redio, akaja binti wa jumba la sanaa, faili kwapani.

BINTI: Shikamooni wazee.

SISI: Marahaba.

BINTI: Nimetumwa kwenu. Tukifungua tutabadilisha vikadi vya chini ya picha. Hiki kimeandikwa "Mwanamke Mwenye Birika", basi. Mkurugenzi anasema watu hawa walichorwa humu mitaani, tuwaulize nyinyi mnaowajua. Vinakwenda kuchapwa leo mchana.

REDIO: Hapa umefika! Huyu ni wetu kabisa. Andika: Mama Kahawa.

BINTI: Jina lake hasa, mzee.

REDIO: Ndilo hilo.

BINTI: Mama wa nani, samahani?

DOBI: Hakujaliwa mtoto.

Redio akamgeukia Gia.

REDIO: Si wewe na yeye mlikuwa mnaongea sana?

GIA: Tuliongea habari za mgongo wangu.

DOBI: Mimi nimemfulia miaka yote. Kwenye furushi lake naandika "Kahawa".

Tukatoa simu. Yangu: Mama Kahawa. Ya Redio: Mama Kahawa Kijiwe. Ya Gia: Kahawa 2, kwa sababu Kahawa 1 ilipotea pamoja na simu.

REDIO: Laini! Angalieni imesajiliwa kwa jina la nani!

MIMI: Langu. Kitambulisho chake kilipotea, nikamsajilia mimi.

BINTI: Nikikosa, itabidi niandike "Hajulikani".

Hapo nikapandwa na hasira, ingawa mtoto wa watu hakuwa na kosa.

MIMI: Hajulikani! Mtu aliyenilisha mwezi mzima nilipovunjika mkono?

DOBI: Aliacha kunitilia sukari wiki ile ile niliyopimwa. Hata mke wangu nilikuwa sijamwambia.

GIA: Mjukuu wangu alipozaliwa, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kaitwa nani.

Alipokwisha kusema hivyo, Gia akafunika uso kwa kofia yake.

BINTI: Hayo nimeyaandika yote. Bado jina tu.

Nikaipiga ile namba. Miezi minane sikuwahi kuipiga. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Nikaweka sauti ya juu, tusikie sote.

SAUTI: Halo?

Alikuwa mama mtu mzima, na alifanana na Mama Kahawa kwa sauti mpaka Dobi akaweka kikombe chini.

MIMI: Habari za huko, mama. Sisi ni wale wa benchini, aliokuwa akituuzia kahawa mwenye simu hii.

SAUTI: Jamani! Nyinyi!

Akanitaja kwa jina. Si Fundi: jina langu, alilonipa baba yangu. Halafu akauliza hali ya Redio, ya Gia, ya Dobi, kila mmoja kwa jina lake, na ndipo nilipojua Gia anaitwaje.

SAUTI: Mimi mdogo wake. Alikuwa akiwataja humu ndani hadi siku ya mwisho. Tuliwangoja msibani siku tatu.

MIMI: Tusamehe, mama. Tulikosea.

SAUTI: Yameshapita. Mmepiga, nimefurahi.

MIMI: Kuna picha yake hapa. Wanataka kumwandika jina, watu walisome.

Tukamsikia analia taratibu, kisha akapenga kamasi.

SAUTI: Dada yangu mimi! Basi andikeni alilolipenda. Hapa nyumbani tulimwita kwa jina la bibi, naye hakulitaka kabisa, ila tulishazoea. Shuleni akajiandikisha lingine. Huko kwenu aliwaambia mumwite lipi?

Binti akafungua kalamu, akaiweka juu ya karatasi. Nikamtazama Redio. Redio, ambaye hajapata kuzimwa, alikuwa anatazama viatu vyake.

SAUTI: Halo? Mnanisikia? Mlikuwa mkimwita nani?